Kupanga nyumba kwenye kitongoji tulivu nje ya jiji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ya watu wenye kazi katikati ya jiji kubwa wanaotafuta nyumba ya kupanga pembezoni, mahali penye miti, ua na usiku usio na makelele. Majibu mengi yatarudi kwenye jambo moja: kodi ni sehemu tu ya bei ya nyumba ya mbali. Sehemu nyingine unailipa barabarani, kila siku ya kazi, na hakuna tangazo linaloiandika.

Ni kweli nje ya jiji ni nafuu?

Kodi yenyewe mara nyingi ndiyo, kwa sababu bei ya ardhi hushuka kadiri unavyokwenda mbali na mahali kazi zilipo. Maisha ya huko yana hesabu yake. Chukua karatasi, andika kodi ya nyumba ya mjini upande mmoja na ya kitongojini upande wa pili. Chini ya kila moja ongeza nauli au mafuta ya mwezi mzima, maegesho, ada ya ulinzi na ya taka, maji ya kununua kama bomba si la kutegemea, na chakula utakachonunua njiani kwa sababu utafika huna nguvu za kupika. Hicho cha mwisho watu hukicheka. Kiandike.

Kisha hesabu saa. Dakika 45 kwenda na 45 kurudi ni saa moja na nusu kwa siku. Kwa siku 22 za kazi, ni saa 33 kwa mwezi. Toa saa ambazo ungezitumia hata ukiishi mjini, kisha gawanya fedha unazookoa kwa saa zinazobaki. Utapata kile unacholipwa kwa kila saa ya kukaa garini. Kilinganishe na ujira wako wa saa moja kazini, na usishangae kikitoka kidogo mno.

Wapo wanaoona hesabu imewakataa na bado wanahama, kwa sababu wanataka usingizi au uwanja wa watoto kuchezea. Hilo halina kosa, mradi ujue kwamba unanunua utulivu na wala huweki akiba.

Nisikie ipi: kodi isizidi theluthi ya kipato, au kuna kiwango kingine?

Kiwango hicho kina asili ya kiserikali. Nchini Marekani, wapangaji wa nyumba za umma waliwekewa ukomo wa asilimia 25 ya kipato mwaka 1969, ukapandishwa kuwa asilimia 30 mwaka 1981, na namba hiyo ikasambaa hadi kwa watu wasiohusika nayo. Kwa mtu wa kitongojini inapotosha, kwa kuwa haigusi usafiri. Jumlisha kodi na usafiri kwanza, ndipo uamue. Mtu anayelipa asilimia 22 kwa nyumba na 25 kwa gari na mafuta anaonekana mwangalifu kwenye karatasi, lakini karibu nusu ya mshahara wake imeshaondoka kabla hajanunua sabuni.

Safari ya muda gani inavumilika?

Mwaka 1994 mwanafizikia wa Italia, Cesare Marchetti, alionyesha kwamba watu wa jamii na nyakati mbalimbali hutumia wastani wa takriban saa moja kwa siku katika kusafiri. Walipotembea kwa miguu, miji ilibaki midogo. Treni na magari yalipokuja, miji ilitanuka, na saa ile ikabaki palepale. Ni wastani tu, hakuna aliyeufanya sheria. Lakini ukiwaza safari ya saa mbili kila upande, jua kwamba unajaribu jambo ambalo binadamu wengi hulikwepa wakipata njia.

Wachumi Bruno Frey na Alois Stutzer walichunguza takwimu za Ujerumani wakitarajia kuona kwamba wenye safari ndefu hufidiwa na nyumba bora au mshahara mkubwa zaidi. Wakakuta kwamba kadiri safari ilivyokuwa ndefu ndivyo watu walivyoripoti kuridhika kidogo na maisha. Fidia ile haikutosha. Maelezo mojawapo, ambayo naona yana ukweli, ni kwamba mtu anapochagua nyumba hukadiria vizuri furaha ya chumba cha ziada na hukadiria vibaya uchovu wa safari, kwa kuwa chumba anakiona siku ile na uchovu hajauonja.

Kwa maoni yangu dakika 45 kila upande ndio mpaka kwa anayesafiri siku 5 kwa wiki. Hata hivyo dakika hazilingani. Dakika 50 kwenye treni ukiwa umekaa na kitabu ni nyepesi kuliko dakika 35 ukiwa umesimama kwenye basi lililojaa, hasa kama unabadilisha usafiri mara mbili. Kinachowachosha watu kuliko urefu ni kutotabirika. Safari ya dakika 40 ambayo mara moja kwa wiki hugeuka 80 inakulazimisha kuondoka kana kwamba ni 80 kila siku, la sivyo uzoee kuomba radhi kazini.

Nafanya kazi nyumbani siku 2 kwa wiki. Hiyo haibadilishi mambo?

Inabadilisha sana: safari zako zimepungua kwa asilimia 40. Ila angalia ruhusa hiyo imeandikwa wapi. Mkataba wa nyumba wa mwaka mzima uliojengwa juu ya neno la mdomo la bosi ni mzigo wako peke yako siku bosi akibadilika.

Tangazo linasema “dakika 10 kutoka kituoni”. Niamini?

Dakika 10 za nani? Za gari alfajiri, za pikipiki, au za kijana asiye na mzigo? Japani waliliona tatizo hili na kanuni zao za matangazo ya nyumba zinataka mita 80 zihesabiwe kuwa dakika 1 ya kutembea, na sehemu ya dakika ikamilishwe kwenda juu. Itumie kanuni hiyo popote ulipo. Pima umbali wa njia yenyewe kwenye ramani, wala usipime mstari ulionyooka, kisha gawanya kwa 80. Nyumba iliyo kilomita 2 kutoka kituoni ni dakika 25 kwa miguu, hata tangazo liwe na maua kiasi gani.

Baada ya ramani, itembee. Ramani haisemi kuhusu kilima, tope, mbwa wasiofungwa, wala taa za barabarani zilizokufa.

Niende kuangalia nyumba saa ngapi?

Madalali hupenda Jumamosi au Jumapili mchana, na wana sababu. Barabara iko wazi, majirani wako nyumbani, jua linaingia sebuleni. Nenda siku hiyo kama ndiyo nafasi uliyonayo, lakini usilipe kitu kwa sababu ya siku hiyo.

Rudi siku ya kazi, mara mbili. Mara ya kwanza alfajiri, na usiende kama mgeni: kuwa mlangoni saa ile ambayo ungeondoka kwenda kazini, kisha safiri hadi kazini kwa usafiri utakaoutumia. Hesabu kuanzia mlango wa nyumba hadi kiti chako ofisini, pamoja na kusubiri. Mara ya pili rudi jioni kutoka kazini hadi pale, giza likiwa limeingia. Kufanya hivi kutakugharimu nauli na usumbufu kidogo. Wengi hawafanyi, na ndio hao unaowasikia wakitafuta mtu wa kuwarithi nyumba mwezi wa nne tangu wahamie.

Kama unaweza, ongeza siku ya mvua kubwa. Utaona maji yanakopita, kama barabara ya ndani inapitika, na kama dari ina siri. Mwenye nyumba hawezi kuipaka rangi mvua.

Nitajuaje kama mtaa ni mtulivu kweli?

Anza kwa kusimama chumbani, madirisha wazi, bila kuongea na mtu, kwa dakika kadhaa. Ni vigumu kuliko inavyosikika, kwa sababu dalali hujaza kila kimya kwa maneno.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa Ulaya, lilipendekeza kelele za magari usiku nje ya nyumba zisizidi desibeli 45, na mwongozo wake wa awali wa 1999 ulitaja 30 ndani ya chumba cha kulala. Programu ya kupima sauti kwenye simu haina usahihi wa kitaalamu, lakini inatosha kulinganisha nyumba mbili. Kumbuka desibeli haziongezeki kama kilo: ongezeko la 10 masikio huliona kama sauti iliyokaribia kuwa maradufu.

Kuna jambo la usiku ambalo wengi hushangaa nalo. Usiku usio na mawingu wala upepo, hewa ya karibu na ardhi hupoa haraka kuliko ya juu yake, na sauti iliyokuwa ikipotelea angani hupindwa na kurudi chini. Barabara kuu ambayo mchana huisikii kabisa inaweza kuingia chumbani saa nane za usiku. Angalia kwenye ramani barabara kuu, reli, na njia ya ndege zinazotua.

Halafu zipo kelele zenye ratiba: ukumbi wa sherehe, nyumba ya ibada yenye vipaza sauti, karakana ya vyuma, pampu ya maji ya jirani, shule. Muulize mtu anayeishi pale, tena muulize kwa namna ya kumpa nafasi: “Wikiendi pakoje hapa?” Ukiuliza “Pametulia?” utajibiwa ndiyo.

Dalali anasema barabara mpya inakuja, safari itapungua nusu. Nipange kwa matumaini hayo?

Panga kwa barabara iliyopo. Miradi huchelewa, na hata ikikamilika unafuu wake huwa na maisha mafupi. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walionyesha, kwa takwimu za miji ya Marekani, kwamba barabara kuu zikiongezwa, kilomita zinazosafiriwa na magari huongezeka karibu kwa uwiano uleule. Barabara mpya inavutia madereva wapya, wakiwemo majirani zako wote walioambiwa maneno yaleyale na dalali yuleyule.

Reli ina historia nzuri zaidi. Kampuni ya Metropolitan Railway ya London, iliyofungua njia yake ya kwanza mwaka 1863, baadaye iliuza ardhi na nyumba kando ya reli zake. Nchini Japani, mfanyabiashara Kobayashi Ichizo alifungua njia ya treni karibu na Osaka mwaka 1910 na mwaka huohuo akaanza kuuza nyumba kando yake kwa malipo ya awamu. Maeneo ya aina hiyo yalizaliwa yakiwa na usafiri. Kitongoji ambacho nyumba zilitangulia na usafiri ukaahidiwa baadaye ni mnyama mwingine. Muulize dalali kipi kilianza.

Lazima niwe na gari?

Jipime kwa safari tatu: kazini, dukani ukiwa na mzigo, na hospitali usiku wa manane. Ukiweza mbili bila gari, ya tatu ikawa na njia ya uhakika hata kama ni ghali, unaweza kuishi bila gari. Kwa familia yenye watu wazima wawili, swali huwa gumu zaidi, kwa sababu gari moja linaloondoka alfajiri linamwacha mwenzako amefungiwa kitongojini hadi usiku. Gari la pili likiingia, rudi kwenye ile karatasi ya kwanza.

Maji, umeme na intaneti nivikague vipi?

Fungua bomba la juu kabisa ndani ya nyumba na la chini kabisa nje, kwa wakati mmoja. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa shinikizo la takriban baa 1, kwa hiyo tangi ambalo usawa wa maji yake uko mita 3 juu ya bomba la kuogea halitakupa zaidi ya theluthi ya baa bila pampu. Pampu nayo inataka umeme. Uliza umeme ukikatika maji yanabaki?

Uliza ukubwa wa tangi, kisha ugawe kwa watu. Watu wanne wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku, tangi la lita 1,000 ni la siku mbili na nusu. Uliza bomba huwa linatoa mara ngapi kwa wiki, na jibu litafute kwa jirani.

Mita ya umeme na ya maji iwe yako peke yako. Kama mnachangia, kanuni ya kugawana iandikwe kwenye mkataba, maana ugomvi wa bili ya pamoja hudumu kuliko upangaji wenyewe. Intaneti: ijaribu ukiwa ndani ya chumba utakachofanyia kazi, na usiridhike na ramani ya kampuni inayoonyesha kwamba eneo lote lina mtandao.

Na maji taka?

Vitongoji vingi viko nje ya mfumo wa majitaka wa jiji, hivyo nyumba ina shimo. Uliza liko wapi, lilinyonywa lini, na nani analipia kulinyonya. Lisiwe karibu na kisima.

Nitajuaje kwamba anayenipangisha ndiye mwenye nyumba?

Omba kuona hati ya umiliki au bili rasmi yenye jina, na kitambulisho chenye jina hilohilo. Kama ni wakala, aonyeshe barua ya idhini, nawe uongee na mwenye mali moja kwa moja. Palipo na ofisi ya serikali inayoruhusu kuthibitisha umiliki, tumia. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na miezi kadhaa ya kodi.

Usitume fedha kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Mtu aliye “safarini”, mwenye funguo “kwa rafiki”, na wateja wengine watatu wanaosubiri nyuma yako, mwache na hao wateja wake.

Mkataba wa upangaji uwe na nini?

Majina kamili, anwani ya nyumba yenyewe, kodi na tarehe ya kuilipa, muda, kiasi cha amana na masharti ya kuirudisha, nani anafanya matengenezo gani, na notisi ya kuondoka kwa kila upande. Hayo karibu kila mkataba unayo. Yanayosahaulika ni mawili. Kwanza, kodi itapanda lini na kwa kiasi gani. “Kulingana na soko” ni mlango usio na kitasa. Pili, kifungu cha kuvunja mkataba kabla ya muda kwa notisi ya mwezi mmoja au miwili. Kwa nyumba ya mbali na kazi, kifungu hiki ningekipigania kuliko punguzo la kodi, kwa sababu kazi huhama na nyumba haihami.

Soma mkataba nyumbani kwako kabla ya siku ya kusaini. Lolote uliloahidiwa kwa mdomo, kama geti litatengenezwa au kuta zitapakwa rangi, liingizwe humo likiwa na tarehe.

Amana ni ya nini, na kwa nini hairudi?

Ni dhamana ya kodi isiyolipwa na uharibifu uliozidi uchakavu wa kawaida. Rangi iliyofifia kwa jua ni uchakavu. Mlango uliotobolewa ni uharibifu. Sheria hutofautiana. Ujerumani amana haizidi kodi ya miezi 3, bila gharama za huduma, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu 3. Uingereza, upande wa England, mwenye nyumba hutakiwa kuiweka kwenye mpango maalumu wa kuilinda ndani ya siku 30 kwa mikataba mingi ya kawaida. Kwingine hukaa mfukoni mwa mwenye nyumba, na huko ndiko picha zako zitakapohitajika.

Siku ya kupokea funguo, kabla hata kitanda hakijaingia, piga picha kila ukuta, sakafu, sinki, dirisha na namba za mita. Andikeni orodha ya vitu na hali yake, msaini wote wawili, kisha mtumie mwenye nyumba picha kwa ujumbe ili tarehe ijulikane. Siku ya kuondoka rudia vilevile.

Kitu kikiharibika nani anatengeneza?

Kwa kawaida paa, kuta, mabomba yaliyozikwa na nyaya za ndani ni za mwenye nyumba. Balbu, na kioo ulichokivunja, ni vyako. Katikati ndipo penye mabishano, kwa mfano pampu iliyoungua. Toa taarifa kwa maandishi siku hiyohiyo hata kama mmeshaongea kwa simu. Usikate gharama za fundi kwenye kodi bila makubaliano yaliyoandikwa. Mahali pengi hilo litahesabiwa kuwa hujalipa kodi.

Mwenye nyumba anaishi kiwanja hichohicho. Ni vizuri au vibaya?

Bomba litatengenezwa haraka, na wageni wako watahesabiwa. Kubalianeni mapema kuhusu kupiga hodi, funguo za akiba, geti linafungwa saa ngapi, na wageni wanaolala.

Nahofia upweke.

Hofu yako ina msingi. Mtu anayeondoka alfajiri na kurudi usiku huishi kitongojini kama mgeni wa hoteli: majirani wanalijua gari lake tu. Marafiki wa mjini watakuja mara ya kwanza kuona nyumba, kisha umbali utaanza kuwapa visingizio. Kinachosaidia ni jambo moja la palepale linalojirudia kila wiki, iwe kikundi cha mazoezi, ibada, au mkutano wa usalama wa mtaa ambao kila mtu hujifanya ana dharura siku yake. Wenye watoto hupata majirani upesi, kwa kuwa watoto hawasubiri kutambulishwa.

Na kama ninyi ni wawili na mmoja tu ndiye anayesafiri, zungumzeni kuhusu anayebaki. Utulivu unaompumzisha anayerudi usiku unaweza kumchosha aliyekuwa nao tangu asubuhi.

Nikipenda mahali, ninunue moja kwa moja?

Panga kwanza, hadi upitie majira yote ya mwaka, mvua na kiangazi. Kodi ya muda huo ni ada ya kujifunza mtaa ambao vinginevyo ungejifunza ukiwa na mkopo mgongoni.

Nimeshahamia na safari imenishinda. Nitoke vipi?

Kabla ya kutoa notisi, jaribu kusogeza saa. Kuondoka nusu saa mapema au kuomba kazini zamu inayoanza baadaye hubadilisha safari kuliko kubadilisha njia. Ikishindikana, soma kifungu cha kuvunja mkataba. Kama hakipo, mwendee mwenye nyumba mapema na mpangaji mbadala mkononi. Wengi hukubali, kwa sababu hofu yao kubwa ni nyumba kukaa tupu. Makubaliano yaandikwe, yataje tarehe ya mwisho ya kodi yako na siku ya kurudishiwa amana. Kisha soma mita, piga picha, kabidhi funguo zote, na uchukue karatasi iliyosainiwa kwamba umezikabidhi.